UZI: Sendika na serikali wanasaini kila mara, kwa nini hali ya mwalimu wa primere Lubumbashi haibadiliki?

Kalamu_ya_Ruashi (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakubwa. Nina swali, naomba tusianze kutukanana mapema.

Tangu primere, yaani shule ya msingi, iwe bure hapa Kongo Septemba 2019, sendika (vyama) za walimu na serikali wamekaa mezani sijui mara ngapi. Mwishoni mwa 2021 walikuwa Bibwa, kule Kinshasa, wakasaini. Septemba 2024 walimu wengi wakakataa kufungua mwaka wa masomo, wanadai dola 500, watu wakazungumza tena, watoto wakarudi darasani. Redio kila mara inatangaza makubaliano.

Mke wangu anafundisha mwaka wa tatu hapa Ruashi. Watoto wanakaribia tisini. Kabla ya masomo kufunguliwa anapaka ubao yeye mwenyewe: anavunja pile (betri) zilizokufa, anatoa ule mkaa wa ndani, anausaga, anauchanganya na majani ya matembele, anasugua mpaka mbao zinyonye. Mikono inabaki myeusi siku nzima. Chaki za shule zikiisha ananunua zake. Mshahara ukiugeuza dola haufiki 150.

Mimi nasema hivi: hawa watu wanakubaliana vizuri tu. Mambo yanafia kati ya saini na listi ya malipo. Hapo katikati hakuna mwalimu, hakuna mzazi, hakuna delege (mwakilishi) wa sendika wa mtaani. Mwenye maelezo mengine alete.

Mtoto_wa_Katuba

Mi niko mufundishi hapa Katuba. Iyi mambo ya sendika na serikali kusikilizana inanisekesha. Banaendaka Kinshasa, banakula per diem (posho ya safari), banarudia na karatasi. Siye tunabakia na batoto. Sendika njo inatuuzisha, haina kingine.

Delege_Kampemba

Kaka wa Katuba, pole kwa kazi. Mimi ni delege wa sendika shuleni kwetu na hiyo hoteli ya mikutano Kinshasa sijawahi kuiona hata mlango. Tuseme ukweli: sendika ziko nyingi mno. SYECO iko, SYNECAT ya shule za kikatoliki iko, na nyingine ambazo ukiniuliza wanachama wake wako wapi sijui nikuonyeshe nani. Wakati wa kujadiliana kila mmoja anataka kiti. Serikali nayo inajua nani ana haraka ya kusaini. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Hapo juu ndipo pa kuanzia, kabla ya kulaumu listi.

Mtoto_wa_Katuba

@Delege_Kampemba sasa panzi njo shiye, ama njo beye?

Franga_na_Dola

Nyote mnazunguka. Chukueni kikokotoo. Elimu ya bure ilipoanza 2019, dola moja ilikuwa kama franga 1,650. Kufika 2024 ilikuwa imepanda mpaka 2,800 hivi. Mshahara wa mwalimu unasainiwa kwa franga. Kodi ya nyumba Lubumbashi inaulizwa kwa dola. Kwa hiyo kila nyongeza ambayo sendika ilileta, sehemu kubwa yake ililiwa njiani na hakuna aliyeiba. Ukiongeza 2024, Zambia ilipopigwa na ukame na bunga, unga wetu wa mahindi, ikapanda bei hapa kwetu, mwalimu alikuwa analipwa zaidi kwenye karatasi na anakula kidogo nyumbani.

Ndiyo maana walidai dola 500 na siyo franga milioni na kitu. Walishajifunza.

Kalamu_ya_Ruashi

@Franga_na_Dola hesabu yako nzuri, lakini franga ikipanda thamani, kama tulivyoona baadaye, mbona mwalimu haoni afueni? Bei ya dukani haikurudi chini.

Franga_na_Dola

Bei ikishapanda Lubumbashi haijui ngazi ya kushuka. Hilo uliza wauzaji wa Kenya.

Nairobi_Mwalimu

Kenya gani tena? Nimeingia uzi kwa sababu nimeona jina letu 😂

Delege_Kampemba

Kenya ni mtaa wetu hapa Lubumbashi, ndugu. Wenye Kenya yao tuko nao pia. Karibu, keti.

Mzee_wa_Bwafwano

Vijana, salamu. Nimefundisha tangu enzi za Zaire, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Mnaongea kama mambo yameanza Bibwa. Lubumbashi inajua mgomo kuliko miji yote ya nchi hii. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, waligoma hapa mjini wakidai mshahara, wakapigwa risasi uwanjani. Anayetaka kujua ushirikiano wa mwajiri na mfanyakazi ulianzaje katika mji huu, aanzie pale.

Halafu kulikuwa na shule za Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi. Mwalimu wa kampuni alikuwa na nyumba, hospitali, na mfuko wa bunga mwisho wa mwezi. Sisi wa shule za serikali tulikuwa tunawatazama kwa wivu. Kampuni ilipoanguka, na wengi wakaondoka kwa ule mpango wa 2003 wa kujiondoa kwa hiari, tukawa sawa wote chini.

Lakini jambo lenyewe ni la mwanzo wa miaka ya 1990. Serikali ilikuwa hailipi. Walimu wakagoma, mwaka ukawa karibu kupotea. Ndipo maaskofu na wazazi wakaamua: mzazi atoe kitu mwalimu aingie darasani. Ilisemwa ni ya muda. Muda ule ulidumu mpaka 2019! Kwa karibu miaka thelathini mwajiri wetu wa kweli alikuwa mzazi. Sendika ikasahau njia ya kwenda serikalini, maana mwisho wa mwezi ulikuwa unagonga mlango wa komite ya wazazi. Hilo ndilo lililotuua.

Mama_Primere3

Asante mzee. Na siku hizi mzazi anatuambia: rais amenipa zawadi ya elimu ya bure, mimi sitoi hata chaki.

Sheria_Kidogo

Si zawadi ya mtu. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2006 inasema elimu ya primere katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Ilikaa kwenye karatasi miaka 13 ndipo ikatekelezwa. Ibara ya 38 inatoa haki ya sendika, ya 39 haki ya kugoma. Haki zipo zote.

Mtoto_wa_Katuba

Haki iko. Bukari (ugali) njo haiko.

Tuwe_Wakweli

Mimi nilikuwa mwalimu katika shule ya kikatoliki katikati ya mji, sitaitaja. Nitasema kitu ambacho sendika hazipendi kusikia.

Kabla ya 2019 wazazi wa shule yetu walikuwa na uwezo. Primi yao, ile pesa wazazi walimpa mwalimu, ilizidi mshahara wa serikali mara kadhaa. Tulikuwa tunaishi. Nilisomesha watoto, nikanunua kiwanja Kasapa. Siku elimu ya bure ilipoanza, ile primi ilikatwa kwa siku moja, na kilichokuja badala yake hakikufikia hata sehemu ndogo ya kilichoondoka. Wenzangu wengi wameenda shule za private, wawili wanaendesha teksi, mmoja anauza vipuri. Mimi naandika haya nikiwa ofisini kwa Mchina.

Kwa hiyo mnaposikia walimu wa mjini wanagoma, wengi hawadai kupanda. Wanadai kurudi pale walipokuwa.

Mwalimu_Kasenga

@Tuwe_Wakweli asante kwa ukweli, sasa sikiliza na wetu. Mimi niko kijijini, upande wa Kasenga. Wazazi wangu ni wavuvi na wakulima. Kabla ya 2019 primi ilikuwa kuku, au samaki, au hakuna. Baada ya elimu ya bure nilipata kwenye mshahara kitu ambacho mzazi wangu hangenipa hata akiuza mtumbwi. Kwangu mimi ile siku ilikuwa sikukuu.

Tena mkumbuke zone za mishahara. Mwalimu mwenye diploma ileile, wa mjini alipata zaidi kuliko wa kijijini, kwa sababu tu ya mahali alipo. Kufuta zone ni dai letu la siku nyingi. Wa mjini wanalisaini pamoja nasi, lakini sijawahi kuona mji ukigoma kwa ajili ya zone.

Ndiyo maana sendika haivuti pamoja. Serikali ikitoa kidogo, mimi nasema asante na wewe unasema matusi. Itatuwekaje kwenye meza moja?

Kalamu_ya_Ruashi

Hili sikulifikiria kabisa kwa upande huo. Wengine mnasemaje?

Delege_Kampemba

Nasema ni kweli na si kweli. Bibwa zone zilizungumzwa. Walimu ambao hawajaingia kwenye listi walizungumziwa pia, na wazee wa kustaafu. Tatizo ni fedha za kutekeleza.

Mzee_wa_Bwafwano

Wazee wa kustaafu ni mimi huyo! Nimepita 65 siku nyingi. Nikistaafu bila kiinua mgongo nitakula nini? Basi nakaa darasani, na kijana mwenye nguvu yuko nje anangoja kiti changu. Siyo kwamba napenda kuwazuia.

NU_Milele

Kijana anayengoja nje ndiye huyu sasa 😅 Shikamoo mzee.

Mimi ni NU, nouvelle unité, yaani mwalimu ambaye bado hajaingia kwenye listi. Nafundisha mwaka wa kwanza, Annexe, sina malipo ya serikali. Faili langu la mekanizasio (kuingizwa kwenye listi) liliondoka shuleni, likapita sous-proved, ofisi ya elimu ya hapa, likafika antena ya SECOPE, idara ya malipo ya walimu. Halafu SECOPE ikageuka DINACOPE, tukaambiwa tujaze upya. Fotokopi ya diploma, ya kitambulisho, barua ya kuajiriwa, ripoti ya inspekta. Direkta wangu anasema faili linaendelea. Kila akisema hivyo naona kama linatembea kwa miguu kwenda Kinshasa.

Na zamani NU alikuwa na kitu: wazazi walikuwa wanatoa primi, wenzangu waliokuwa kwenye listi wananigawia. Elimu ya bure ilipokuja, NU ndiye aliyekatwa koo kabisa.

Yule aliyesema mambo yanafia kati ya saini na listi, mimi ndiye maiti.

Tuwe_Wakweli

@NU_Milele pole sana. Hapo kuna jambo lingine. Mwaka 2020 IGF, wakaguzi wa fedha za serikali, ilipekua malipo ya walimu, ikakuta namba za matricule bandia na shule ambazo hazipo. Wakubwa wakapelekwa mahakamani. Yaani wewe unayefundisha haumo, na asiyekuwepo anapokea. Sasa sendika na serikali wanaweza kukubaliana nyongeza ya asilimia yoyote. Wanaongeza na ya mzimu.

Delege_Kampemba

Sawa, lakini tusiwape sababu. Kila tunapodai, jibu ni "subirini tusafishe listi kwanza". Wanasafisha tangu lini? Kusafisha kumekuwa kazi ya kudumu kuliko kufundisha.

Nairobi_Mwalimu

Niongeze ya kwetu. Kenya mwajiri ni mmoja, TSC (tume ya walimu), na makubaliano yanaitwa CBA, yanasajiliwa mahakama ya kazi. Ya kwanza ilisainiwa Oktoba 2016, ya 2017 hadi 2021, shilingi bilioni 54. Hiyo iliyofuata ilianza bila hela kabisa, wakasema ni Covid, ndipo 2023 wakaifungua tena.

Lakini msifikiri tulipewa kirahisi. Kuna notisi ya kisheria ya 1997, namba 534, kuhusu marupurupu ya walimu. Mwaka 2013 KNUT, chama cha walimu, walikuwa bado barabarani wanaidai. Miaka 16! Mtoto aliyezaliwa siku ya saini alikuwa ashaingia sekondari.

Kalamu_ya_Ruashi

Kusajili mahakamani. Hilo kwetu lingewezekana?

Sheria_Kidogo

Kwetu makubaliano ni protokali tu, anayeyavunja haulizwi na yeyote. Lakini mahakama bila bajeti nayo itafanya nini? Itaamuru hewa ilipwe?

Bongo_wa_Mbeya

Habari za huko ndugu zetu. Tanzania tunakatwa asilimia 2 ya mshahara kwa ajili ya CWT, chama cha walimu, kila mwezi, haikosi hata siku moja. Makato yanafika kwa wakati, haki zinachelewa. Kwa hiyo msione wivu sana. Mnakatwa ngapi huko?

Mtoto_wa_Katuba

Shiye banakataka kwanza, mshahara inafwata 😂

Mama_Primere3

Wanaume mmeongea kwa urefu, mimi nataka kusema ya tumbo.

Nilipojifungua wa mwisho, sheria inanipa likizo ya uzazi. Nani anakaa na darasa? Serikali haileti mtu. Direkta akaniambia: mama, tafuta wa kukushikia. Nikatafuta dada mmoja, NU kama huyu kijana hapa juu, nikawa namlipa kutoka mshahara wangu kila mwezi. Yaani likizo nimepewa na serikali, nimeilipia mwenyewe. Dada naye alifundisha watoto wangu vizuri kuliko mimi, niseme ukweli, maana alikuwa analala usiku.

Shule ina vyoo viwili kwa vipindi vyote, cha asubuhi na cha mchana. Kimoja mlango ni kitenge. Sijasikia Bibwa wala wapi walipojadili mlango wa choo. Kila wakikaa ni asilimia, awamu, franga. Kama delege wa shule, direkta, komite ya wazazi na ofisi ya sous-proved wangekaa siku moja wakazungumza mlango tu, ningeanza kuamini hilo neno ushirikiano.

Kalamu_ya_Ruashi

Mama, hapo umepiga palepale.

Tuwe_Wakweli

Nakubali kuhusu choo, ila angalieni mtego. Mambo madogo yakishughulikiwa shuleni, atatoa nani pesa? Mzazi. Na tumerudi miaka ya 1990 ya mzee wa Bwafwano, primi inaingilia dirishani kwa jina la mlango wa choo.

Mama_Primere3

Baba, basi ukaje ukae kwenye hicho choo huku ukifikiria mtego.

Delege_Kampemba

😂😂 Uzi umefungwa.

Kivu_Baridi

Haujafungwa. Niko Goma. Nimesoma yote, mnanikumbusha siku nzuri.

Huku banki zilifungwa Januari 2025 mji ulipochukuliwa na waasi wa M23. Mwalimu ambaye mshahara wake uko kwenye akaunti anaomba ndugu aliye mji mwingine, au anavuka. Ukipata unakatwa kila unapopita. Mnauliza sendika na serikali zishirikiane vipi? Nami nauliza: serikali ipi? Ninayemfundishia mtoto yuko hapa, aliye na listi yuko Kinshasa, aliye na bunduki ni mwingine. Sendika yetu ikiandika barua, haijui iiandikie nani bila kuonekana msaliti kwa upande mmoja.

Bukavu_Muhumba

Hapa Bukavu ni hivyohivyo tangu Februari 2025. Hata kabla, Septemba 2024 mgomo ulipoanza, watoto wa private walipita na mikoba yao wakienda masomo, wa shule za umma wanacheza mpira mtaa uleule. Mtoto wangu aliniuliza kwa nini mwalimu wake amekasirika na yeye. Nilikosa jibu.

Mwalimu_Kasenga

Poleni sana ndugu zetu wa Kivu.

Franga_na_Dola

Poleni. Turudi kidogo kwa pesa, kwa sababu hakuna aliyetaja. Juni 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kusaidia elimu ya bure. Sasa mshahara wa mwalimu unategemea masharti ambayo sendika haikukaa mezani wakati yanaandikwa. Mnasema meza ya pande mbili. Mimi naona upande wa tatu, na ndio wenye kalamu.

Sheria_Kidogo

@Franga_na_Dola usikuze. Mishahara mingi ni bajeti ya taifa. Huo ulikuwa msaada wa kusukuma, si wa kubeba wote.

Franga_na_Dola

Anayesukuma ndiye anayechagua upande, mkubwa.

Mzee_wa_Bwafwano

Mmesahau kanisa. Shule nyingi za primere hapa ni za serikali kwa malipo na za kanisa kwa uongozi, tangu ile konvansio (mkataba) ya serikali na makanisa ya 1977. Mwalimu akionewa na direkta, analalamika wapi? Kwa koordinasio ya kanisa, au kwa sous-proved? Nimeona kesi ikirushwa huku na huku mpaka mwalimu akachoka, akaenda kuchimba Likasi. Kabla sendika haijaungana na serikali, kwanza mwajiri ajue yeye ni nani.

Tuwe_Wakweli

Mzee, ukigusa kanisa hapa mtandaoni jiandae.

Mzee_wa_Bwafwano

Nimebatizwa, sina hofu. Sakramenti nimepata zote isipokuwa ya mwisho.

Muuza_Chaki_Kamalondo

Nina chaki nyeupe na za rangi, boksi kwa boksi, nafikisha mpaka Kasumbalesa. Njooni inbox.

Msimamizi

@Muuza_Chaki_Kamalondo matangazo yana jukwaa lake. Onyo la kwanza.

Mama_Primere3

Mwacheni, anauza kitu tunachohitaji. Boksi bei gani?

NU_Milele

Nina pendekezo, mniambie kama nina wazimu. Listi ya malipo ya kila shule ibandikwe ukutani, kwenye ofisi ya direkta, kila robo mwaka. Majina, bila kiasi. Delege anasaini, mzazi mmoja anasaini. Mzimu atakayejitokeza kusaini tutamwona. Na sisi tusio na jina tutaonekana kwa kutokuwepo. Hii haihitaji Bibwa, inahitaji gundi.

Delege_Kampemba

Wazo zuri. Nitaambiwa ni siri ya utawala.

Sheria_Kidogo

Siri kwa sheria ipi? Mwambie direkta akuonyeshe ibara.

Mtoto_wa_Katuba

Ukimuonyesha directeur ibara, kesho anakuonyesha mutation. Unaenda Mitwaba.

Mwalimu_Kasenga

Mitwaba kuna walimu pia, kaka. Usiseme kama ni jela.

Mtoto_wa_Katuba

Si nasema juu ya barabara, yaya. Batu ya Mitwaba mi nabapenda.

Kalamu_ya_Ruashi

@NU_Milele mke wangu amesoma pendekezo lako. Anasema shuleni kwao listi ilibandikwa zamani, enzi za direkta aliyepita, na ikang'olewa na mtu usiku. Kwa hiyo gundi peke yake haitoshi. @Delege_Kampemba sehemu yenu mnakutana lini? Anataka kuja na wenzake wa Ruashi, lakini wanauliza kama lazima uwe umelipa mchango wa mwaka huu.

Delege_Kampemba

Jumamosi, saa tatu, baada ya wa asubuhi kutoka kwenye marudio. Mchango si lazima. Ila waje na makaratasi ya malipo ya miezi ya karibuni, hata kama ni picha ya simu, tulinganishe makato. Wa Katuba naye aje aone hoteli yetu: ni darasa la mwaka wa pili, viti ni vya watoto.

Mtoto_wa_Katuba

Per diem iko?